Dozi moja kabla ya kisu: namna ya kupima tiba ya kinga kwa melanoma ya jicho iliyofika kwenye ini

Melanoma ya uvea huanzia kwenye tabaka lenye rangi ndani ya jicho, mara nyingi koroidi, mara chache irisi au mwili wa siliari. Jicho hutibiwa kwa mionzi au huondolewa, na mgonjwa huendelea na maisha. Hata hivyo karibu nusu ya wagonjwa hatimaye hupata ugonjwa uliosambaa, na kati ya hao takriban 9 katika 10 huwa nao kwenye ini. Wakati mwingine hugundulika miaka kumi baada ya jicho kupona.

Mwongozo huu unahusu jaribio la namna moja tu: kumpa mgonjwa dozi ya dawa za kuamsha kinga kabla hajafika chumba cha upasuaji, kisha kupima kama hatua hiyo ni salama na kama inabadilisha kitu ndani ya uvimbe. Mfano unaofuatwa ni SCANDIUM II wa Sweden, jaribio la timu ya Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sahlgrenska mjini Gothenburg. Unawafaa madaktari, wauguzi wa utafiti na watu wa maabara, na pia mgonjwa aliyeletewa fomu ya ridhaa na anataka kujua kila ukurasa unamaanisha nini.

Msomaji aelewe mapema kwamba dawa zenyewe si mpya. Kinachopimwa hapa ni kalenda.

Kwa nini kabla, si baada

Kwenye melanoma ya ngozi jibu limeshapatikana. Jaribio la S1801, lililochapishwa 2023, liliwagawa wagonjwa 313: wengine walipewa pembrolizumabu, dawa ya kuamsha kinga, baada ya upasuaji tu, wengine dozi tatu kabla na zilizobaki baada. Miaka miwili baadaye, asilimia 72 ya waliotanguliziwa dawa walikuwa hawajapatwa na tukio baya la ugonjwa, dhidi ya asilimia 49. NADINA ya 2024, yenye wagonjwa 423, ilionyesha hali hiyohiyo kwa ipilimumabu na nivolumabu, dawa nyingine mbili za kuamsha kinga: asilimia 83.7 dhidi ya 57.2 kwa mwaka mmoja. Maelezo yanayokubalika ni kwamba uvimbe ukiwa bado mzima mwilini, seli T, askari wa kinga, zina mahali pa kuutambua adui kwa sura zake zote. Ukishaukata, umeondoa pia darasa la kufundishia.

Kosa la kwanza katika kupanga jaribio la jicho ni kuhamisha takwimu hizo jinsi zilivyo. Melanoma ya jicho si ndugu wa karibu wa ile ya ngozi. Haikutokana na jua kwa kiwango cha kuijaza seli mabadiliko ya DNA, hivyo seli T hukuta alama chache sana za kushika. Uvimbe mwingi huendeshwa na badiliko la jeni ya GNAQ au GNA11, na unaosambaa mara nyingi umepoteza jeni ya BAP1. Ipilimumabu pamoja na nivolumabu, bila kitu kingine, vilipunguza uvimbe kwa asilimia 11.5 ya wagonjwa 52 katika utafiti wa Hispania na asilimia 18 ya wagonjwa 33 waliopimika katika utafiti wa Marekani, yote ya 2021. Tena ini lina tabia ya kuzima kinga: hupokea kila siku vitu vigeni kutoka utumbo, na lingevipiga vyote tungekuwa wagonjwa kila mlo. Katika panya imeonyeshwa kwamba makrofeji (seli za kinga zinazomeza takataka) za ini lenye uvimbe huziua seli T zinazopita.

Ndiyo maana timu za jicho huunganisha dawa za kinga na kitu kinachouvunja uvimbe papo hapo ili mabaki yake yamwagike na kuonwa. Kitu hicho ndicho upasuaji unaofuata.

Upasuaji wenyewe si wa kukata uvimbe

Neno “upasuaji” huwapoteza wengi. Vinundu vya melanoma ya jicho kwenye ini kwa kawaida ni vingi na vimetapakaa kama mchele uliomwagika, na kukata kimoja kimoja hakusaidii isipokuwa kwa wachache wenye kinundu kimoja au viwili. Kinachofanyika Gothenburg ni kulitenga ini na mzunguko wa damu wa mwili, kisha kulipitishia dawa kali kwa saa moja. Tuuite uoshaji wa ini lililotengwa.

Tumbo hufunguliwa. Mrija mmoja huingizwa kwenye ateri ya ini ili kupeleka damu, mwingine kwenye vena kava ya chini, sehemu ile inayopita nyuma ya ini, ili kuirudisha. Vena ya porta, inayoleta damu kutoka utumbo, hubanwa, na vena kava hubanwa juu na chini ya ini. Mirija miwili inaungana na mashine ya mzunguko yenye pampu, kifaa cha kuongeza oksijeni na kipasha joto. Ini likifikia nyuzi 40, melfalani, ndiyo dawa kali yenyewe, huingizwa kwa jumla ya miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, nusu mwanzoni na nusu dakika 30 baadaye. Baada ya dakika 60 ini huoshwa, mirija hutolewa na mishipa hushonwa.

SCANDIUM ya kwanza iliulinganisha uoshaji huu na tiba nyingine bora iliyopatikana, kwa wagonjwa 93 walioandikishwa Sweden kati ya 2014 na 2021. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 40 ya waliofanyiwa dhidi ya 4.5 ya wenzao, na ugonjwa ulitulia miezi 7.4 dhidi ya 3.3. Kwa urefu wa maisha, wastani wa kati ulikuwa miezi 21.7 dhidi ya 17.6, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kudaiwa kuwa ya kweli. Ini husafishika, kisha ugonjwa hurudi palepale au hutokea kwingine. Pengo hilo ndilo dawa za kinga zinatumwa kuliziba.

Muundo wa jaribio na hesabu ya dozi

SCANDIUM II ilipangwa kwa wagonjwa 18 wanaogawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wote hufanyiwa uoshaji wa ini mara moja na wote hupangiwa dozi nne za ipilimumabu na nivolumabu. Kundi la kwanza hupata zote nne baada ya upasuaji. Kundi la pili hupata moja kabla na tatu baada. Kisha makundi yote huendelea na nivolumabu peke yake, miligramu 480 kila wiki 4, hadi kufikia mwaka. Utaona dawa ni zilezile na idadi ni ileile. Tofauti pekee ni mahali pa dozi ya kwanza. Muundo huu ni safi, na ukiongeza “dozi moja ya ziada” kwa kundi la kabla umeuharibu, kwa sababu hutajua tena kama ulichokiona kimetokana na wakati au na wingi wa dawa.

Dozi ni ipilimumabu 3 mg/kg na nivolumabu 1 mg/kg kila wiki 3. Kwa mgonjwa wa kilo 70 hiyo ni miligramu 210 za ipilimumabu, yaani mililita 42 za chupa yenye 5 mg/ml, na miligramu 70 za nivolumabu, yaani mililita 7 za chupa yenye 10 mg/ml. Nivolumabu hutangulia, ipilimumabu hufuata siku hiyohiyo, kila moja kwa mfuko, mrija na kichujio chake. Usizitikise chupa, ni protini, hutoa povu na kuharibika. Na angalia mara mbili ni ipi yenye 3 na ipi yenye 1. Kuna mpango mwingine unaotumika kwa saratani hii ambao uwiano umegeuzwa, ipilimumabu 1 na nivolumabu 3, nao ndio uliotumiwa na CHOPIN, jaribio la Uholanzi. Famasi inayohudumia majaribio yote mawili inaweza kuchanganya kirahisi.

Nani aingie, nani asiingie

Ugonjwa uwe kwenye ini tu, na usiwe umekula nusu ya ini au zaidi. Mgonjwa awe anajimudu, kwa maana anafanya shughuli zake za kawaida au angalau kazi nyepesi. Asiwe na ugonjwa wa kinga kujishambulia unaohitaji dawa za kuituliza, wala asiwe anatumia zaidi ya miligramu 10 za prednisoloni kwa siku.

Picha mbili zinahitajika. CT ya kifua, tumbo na nyonga hutafuta ugonjwa nje ya ini. MRI ya ini, ikiwezekana yenye dawa ya kung'arisha inayonyonywa na seli za ini, huonyesha vinundu vidogo ambavyo CT huviruka. Vyenye melanini nyingi hung'aa vyenyewe kwenye picha za MRI za aina ya T1. Mpasuaji anahitaji pia CT ya ateri. Watu wengi wana ateri ya ini isiyo ya kawaida, ya kulia ikitoka kwenye ateri ya juu ya utumbo au ya kushoto ikitoka kwenye ile ya mfuko wa chakula, na ukiikosa, sehemu nzima ya ini itabaki bila dawa huku mashine ikionyesha kila kitu kiko sawa.

Kwenye vipimo vya damu, hesabu kamili, vimeng'enya vya ini, bilirubini, INR (kasi ya damu kuganda), figo, sukari, TSH na T4 huru (tezi ya shingo), kortisoli ya asubuhi, troponini (misuli ya moyo) na ECG vifanyike kabla ya dozi ya kwanza. Kortisoli na troponini huonekana kama anasa siku hiyo. Wiki tatu baadaye, mgonjwa akilalamika uchovu, utajuta kukosa namba ya kulinganisha.

Hapa kuna jambo linalowahusu moja kwa moja wasomaji wa Kiswahili. Melanoma ya jicho ni nadra kwa watu weusi: Marekani hukadiriwa wagonjwa 6 kwa milioni kwa mwaka miongoni mwa weupe na 0.3 miongoni mwa weusi. Lakini mgonjwa yeyote, wa rangi yoyote, aliyezaliwa au kuishi muda mrefu Afrika Mashariki huja kliniki ya Ulaya na historia ambayo fomu za huko haziiulizi. Pima HBsAg, alama ya virusi vya homa ya ini B, na kingamwili ya kiini cha virusi hivyo. Virusi vilivyolala vinaweza kuamka mgonjwa akipewa steroidi, dawa za kuzima kinga kama prednisoloni, na ALT, kimeng'enya cha ini, ikipanda hutajua umlaumu nani. Pima kifua kikuu kilichojificha, maana ikibidi kutumia infliksimabu kutuliza utumbo uliowashwa na dawa za kinga hutakuwa na muda wa kusubiri majibu. Tena tafuta strongiloidi, mnyoo unaoishi mwilini miongo kadhaa kimyakimya na kusambaa kwa kasi ya kuua mgonjwa akipewa steroidi nyingi. Dozi ya ivermektini ni mikrogramu 200 kwa kilo, rahisi kuliko kila kitu kingine katika jaribio hili. Uliza kwa upole kuhusu dawa za mitishamba na miraa, bila kumfanya mtu ajione anahukumiwa, la sivyo hatakwambia.

Kinyama cha kwanza

Thamani ya kutanguliza dozi iko kwenye kulinganisha uvimbe kabla na baada. Bila biopsi mbili nzuri, jaribio limebaki kuwa orodha ya madhara.

Chukua biopsi ya kwanza kabla ya dozi, kwa kuongozwa na ultrasaundi, kwa sindano ya geji 16 au 18, vipande vitatu hadi vinne. Chembe sahani ziwe juu ya elfu 50 kwa mikrolita na INR chini ya 1.5. Usichome kinundu ulichokiandika kama cha kupimwa ukubwa. Kovu na damu vitabadilisha kipimo. Kipande kimoja kiende kwenye formalini asilimia 10 yenye bafa, kingine kigandishwe kwenye nitrojeni ya maji papo hapo, na mwenye saa aandike dakika. RNA haisubiri lifti.

Mambo mawili huharibu sampuli za ugonjwa huu hasa. La kwanza ni melanini. Rangi ya kahawia inayotumika kwenye maabara nyingi kuonyesha kingamwili inafanana na melanini, na msomaji asiye na uzoefu atahesabu seli T za aina ya CD8 ambazo ni punje za rangi tu. Tumia rangi nyekundu, au ondoa melanini kwanza kwa utaratibu uliothibitishwa. Melanini hiyohiyo huzuia PCR, kipimo cha kunakili DNA. DNA ikiwa nyeusi au kahawia isafishwe tena au izimuliwe. La pili ni kuchagua mahali. Katikati ya kinundu kikubwa mara nyingi kumekufa. Lenga ukingo, na upate kidogo cha ini jirani, kwa sababu seli T za ugonjwa huu hupenda kukwama pembeni bila kuingia ndani.

Katika kusoma, usitosheke na PD-L1, protini inayozizima seli T, ambayo kwenye melanoma ya jicho huwa chini na haitabiri mengi. Hesabu CD8 kwa milimita ya mraba, tofautisha ndani na ukingoni, ongeza protini ya LAG3, ambayo tafiti za seli moja moja zimeikuta kwa wingi kwenye seli T zilizochoka za uvimbe huu, na angalia makrofeji.

Damu nayo ichukuliwe siku hiyo. GNAQ na GNA11 hubadilika katika sehemu chache zinazojulikana, hivyo PCR ya kidijitali inaweza kuifuatilia DNA ya uvimbe kwenye plazma kwa gharama ya wastani. Chupa ya damu yenye EDTA izungushwe kwenye mashine ya kutenganisha plazma ndani ya saa chache. Ikilala mezani hadi kesho, seli nyeupe zitapasuka na kuizamisha DNA unayoitafuta. Ikiwa maabara iko mbali, tumia chupa zenye dawa ya kutunza seli.

Wiki tatu zinazoamua

Kalenda ifuatayo ni ya kufanyia kazi. Itifaki iliyoidhinishwa ndiyo yenye neno la mwisho.

Siku ya −28 hadi −22: ridhaa, picha, damu, biopsi, kura.
Siku ya −21: dozi moja ya nivolumabu na ipilimumabu.
Siku ya −14: vimeng'enya vya ini, hesabu ya damu, elektroliti, simu ya muuguzi.
Siku ya −7: hivyohivyo, pamoja na TSH, kortisoli ya asubuhi na troponini.
Siku ya −3 hadi −1: rudia vyote, kikao cha mpasuaji, onkolojia na daktari wa usingizi.
Siku ya 0: uoshaji wa ini.

Tatizo liko wazi ukiitazama. Mchanganyiko huu kwa dozi kamili huleta madhara ya daraja la 3 au 4 (makali au ya kuhatarisha maisha) kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa melanoma ya ngozi waliopangiwa dozi zake zote. Madhara hayo hayaji kwa pamoja. Vipele na muwasho huanza wiki ya 2 au 3, utumbo mara nyingi wiki ya 5 hadi 7, ini karibu na hapo au baadaye kidogo, tezi za homoni huchelewa zaidi. Maana yake, mgonjwa anaweza kufika siku ya 0 akiwa mzima kabisa, akapasuliwa, kisha dawa ikaanza kuuma wakati anauguza kidonda. Waandishi wa itifaki wasiojua hili huweka kipindi cha kuhesabu madhara kikaishia siku ya upasuaji, na matokeo yao hung'aa isivyostahili. Kipindi kianze kwenye dozi ya kwanza na kiendelee baada ya ya mwisho.

Andika mapema, kabla ya mgonjwa wa kwanza, ni namba gani zinazuia upasuaji. ALT hadi mara 3 ya kikomo cha juu: rudia baada ya siku mbili tatu na uendelee ikiwa haipandi. Mara 3 hadi 5: ahirisha, tafuta virusi, pombe, parasetamoli na mitishamba, pima tena ndani ya siku 3; isiposhuka anza prednisoloni 0.5 hadi 1 mg/kg. Zaidi ya mara 5: hakuna upasuaji, anza 1 hadi 2 mg/kg, na kama siku 3 zimepita bila nafuu ongeza mikofenoleti, dawa nyingine ya kutuliza kinga. Infliksimabu isitumike kwa ini lililowaka, ingawa kwa utumbo wenye choo cha mara 7 au zaidi juu ya kawaida inafaa, 5 mg/kg. Ukianza steroidi, kuzishusha huchukua wiki 4 hadi 6, na hapo upasuaji umeponyoka. Ini lenye hepataitisi halivumilii melfalani ya nyuzi 40.

Usisubiri mgonjwa ajieleze. Maumivu ya kichwa yasiyoisha, uchovu wa kushindwa kuoga na shinikizo la damu lililoshuka ni tezi ya pituitari hadi ithibitishwe vingine. Ipilimumabu inajulikana kwa hilo. Mtu mwenye kortisoli ya chini akilazwa usingizi bila haidrokotisoni anaweza kufa mezani, na sababu ikaandikwa kuwa ni damu. Kifua kubana au troponini kupanda maana yake misuli ya moyo; simamisha kila kitu.

Siku ya upasuaji

Fungua tumbo na utazame kabla ya kugusa mshipa wowote. Vinundu kwenye utando wa tumbo au tezi za limfu zilizojaa ugonjwa, ambazo picha hazikuonyesha, humaliza safari hapo. Mgonjwa anapaswa kuwa ameambiwa jana yake kwamba anaweza kuamka bila kufanyiwa.

Chukua biopsi ya pili sasa, kabla ya joto na kabla ya melfalani. Ukichukua baada, unapima kilichofanywa na kemikali, wala hutaweza kukitenganisha na kazi ya kinga. Makundi yote mawili yachukuliwe, maana kundi lisilopata dozi ya kabla ndilo linalokuonyesha biopsi ya kwanza yenyewe, pamoja na kupita kwa muda, vilibadilisha nini.

Vena ndogo zinazoingia vena kava nyuma ya ini, hasa ya tezi ya adrenali ya kulia na za kiwambo, zifungwe. Hapo ndipo dawa hupenyea kwenda mwilini. Uvujaji hupimwa kwa kuweka kiasi kidogo cha alama ya mionzi kwenye mzunguko wa ini na kuisikiliza kwa kigunduzi nje. Usiingize melfalani hadi uvujaji umethibitika kuwa chini ya kiwango cha itifaki. Ukipanda katikati, kagua vibanio, punguza mwendo wa pampu, na ukishindwa, sitisha na uoshe. Melfalani iliyovuja huonekana baadaye kama kuporomoka kwa seli nyeupe, kwa kawaida wiki ya pili.

Famasi isichanganye melfalani asubuhi. Ikishayeyushwa huanza kupoteza nguvu mapema, katika muda wa saa moja hivi. Ichanganywe mpasuaji atakaposema mzunguko umetulia, na kwa kuwa nusu ya pili huingia dakika 30 baadaye, mipango ya nusu hiyo ifanywe kwa saa ile ile.

Onyo dogo linalosahaulika sana: madaktari wa usingizi wengi humpa kila mgonjwa deksamethasoni miligramu 4 hadi 8 kuzuia kutapika. Ni mazoea mazuri mahali pengine. Hapa unazizima seli T ulizotumia wiki tatu kuziamsha. Bandika karatasi kwenye jalada na kwenye mlango: ondansetroni ndiyo, deksamethasoni hapana, ila kwa dharura, na ikitumika iandikwe.

Baada: ALT inapanda, nani alaumiwe?

ALT na AST hupanda kwa wote siku chache za kwanza, kwa sababu ini limepashwa joto, limekosa porta saa moja na limelowa melfalani. Kinachosaidia kutenganisha ni mwelekeo. Ya upasuaji hupanda haraka na kuanza kushuka ndani ya wiki. Ikishuka halafu ikapanda tena wiki ya 3 hadi ya 6, fikiria kinga. Isiposhuka kabisa, au bilirubini ikifuata, usikimbilie steroidi: fanya ultrasaundi ya Doppler saa hiyohiyo uone ateri ya ini, porta na vena za ini, kwa sababu damu iliyoganda kwenye ateri haiponi kwa prednisoloni. Biopsi ya ini la kawaida humaliza ubishi pale picha zinapokuwa safi.

Dozi zinazobaki zisianze hadi ALT irudi karibu na ya mwanzo, kidonda kiwe kimefunga na mgonjwa awe anakula. Mwanamke anayeweza kushika mimba aendelee kujikinga miezi 5 baada ya nivolumabu ya mwisho. Chanjo hai, ya homa ya manjano ikiwemo, zisitolewe kwa anayetumia steroidi nyingi. Anayepanga kwenda nyumbani aseme mapema.

Kusoma matokeo ya watu 18

Kwa vinundu fuata RECIST 1.1, kanuni za kupima uvimbe kwenye picha: vya kupima viwe na milimita 10 au zaidi, visizidi viwili kwa kiungo kimoja, na kupungua kuhesabiwe kuanzia asilimia 30 ya jumla ya vipenyo. Picha ya msingi ni ile ya kabla ya kura, kwa makundi yote. Ukimruhusu daktari wa picha atumie ile ya siku chache kabla ya upasuaji kwa kundi la dozi ya kabla, umelipatia kundi hilo msingi tofauti.

Kila aliyepigiwa kura abaki kwenye hesabu ya kundi lake, hata kama ini liliwaka na hakufika mezani. Huyo aliyekosa upasuaji kwa sababu ya dozi ya kabla ndiye tokeo muhimu kuliko yote katika jaribio hili. Ukimtoa, umejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Tena usidai zaidi ya ulichonacho. Kundi la watu 9 ambamo hakuna hata mmoja aliyepatwa na dhara fulani bado linaruhusu uwezekano kwamba dhara hilo huwapata hadi takriban 28 katika 100, kwa uhakika wa asilimia 95. Jaribio la ukubwa huu linaweza kusema “inawezekana kufanyika” au “simama, ni hatari”. Haliwezi kusema nani ataishi zaidi. Kwa swali hilo kunahitajika jaribio kubwa zaidi, angalau la ukubwa wa CHOPIN, ambalo halikutumia tumbo lililofunguliwa bali katheta zinazopitishwa kwenye kinena. Katika wagonjwa 76, matokeo yaliyotolewa 2025 yalionyesha asilimia 54.7 ya waliopata uoshaji pamoja na dawa za kinga walifika mwaka bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya 15.8 ya waliopata uoshaji peke yake.

Anayeshika fomu ya ridhaa aulize mambo manne kabla ya kusaini: nikipata madhara kabla ya upasuaji, upasuaji utasubiri kwa muda gani, na nikiukosa nitapewa nini? Aina yangu ya HLA, alama za utambulisho kwenye seli, imepimwa? Hili la mwisho ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu mwenye HLA-A*02:01 ana dawa nyingine, tebentafuspu, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2022 baada ya jaribio la wagonjwa 378 ambapo asilimia 73 ya walioipata walikuwa hai baada ya mwaka, dhidi ya 59. La tatu, biopsi zangu zitahifadhiwa wapi na nani ataruhusiwa kuzitumia. La nne ni namba ya simu ya saa tisa usiku, na ijaribiwe kabla ya dozi ya kwanza.